Sakafu ya Mashua: Kazi Huanza Chini ya Mbao

(Mazungumzo kwa mafundi wa mbao, wenye mashua na wasafiri)

Huenda wengine wakastaajabu kusikia habari za mashua zikielezwa kwa watu wa Misikhu. Misikhu iko kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, katika nchi ya mahindi na miwa, na mtu akisimama hapo hawezi kuliona ziwa hata akipanda juu ya mti mrefu. Lakini mvua inyeshayo katika nchi hiyo haikai hapo. Hushuka katika vijito, na vijito huingia katika Mto Nzoia. Nzoia nao, baada ya kuanguka kwa kishindo katika maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, hupita Mumias, hushuka mpaka nchi tambarare ya Bunyala, kisha huingia Ziwa Viktoria karibu na Port Victoria. Huko Bunyala, mto unapofurika na kufunika mashamba, mashua ndiyo njia ya watu. Mgonjwa hupelekwa kwa mashua, watoto huokolewa kwa mashua, na gunia la mahindi lililolimwa juu milimani humfikia mlaji kwa mashua.

Tena liko jambo la pili. Nchi hii ni nchi ya mafundi wa mbao. Seremala ajuaye kupiga randa madawati ya shule, kutengeneza milango na kuezeka nyumba, tayari anayo nusu ya ujuzi unaotakiwa na mwenye mashua. Nusu ya pili ndiyo itakayoelezwa hapa, nayo ni hii: jinsi ya kutengeneza upya sakafu ya mbao iliyochakaa ndani ya mashua, isiwe nzuri machoni tu, bali iwe salama kwa mguu wa binadamu na kwa chombo chenyewe.

SAKAFU SI KIFUNIKO

Yafaa kwanza kufahamu umbo la chombo. Wanamaji wa Pwani, tangu Lamu mpaka Unguja na Kilwa, wana jina kwa kila kiungo cha jahazi. Mti mrefu wa chini, ambao chombo chote hujengwa juu yake, huitwa mkuku. Mkuku ni kama uti wa mgongo. Miti iliyopindwa, inayosimama juu ya mkuku kwa kila upande, huitwa mataruma, nayo ni kama mbavu. Mbao za nje hupigiliwa juu ya mataruma kama ngozi juu ya mbavu. Na pale chini kabisa ndani ya chombo, mahali ambapo maji yote yanayovuja au kunyesha hukusanyika, panaitwa ngama.

Sakafu hulala juu ya hayo yote. Watu huikanyaga, mizigo huwekwa juu yake, samaki humwagwa juu yake, wala hakuna aonaye kilicho chini. Kwa sababu hiyo watu wengi huidhania sakafu kuwa ni kitu cha kutandikwa tu, kama mkeka sebuleni. Hilo ni kosa. Sakafu ya mashua ni mlango wa kuingilia ngama. Ikiwa mlango huo haufunguliwi, basi maradhi ya chombo hukua gizani, na siku yatakapoonekana mashua itakuwa katikati ya maji. Wahenga walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mashua, kiilacho ki chini ya sakafu yake.

Hivi basi, neno kuu la mazungumzo haya ni moja. Asiyeinua mbao na kutazama chini asishike brashi ya rangi.

MAJI BARIDI NA MAJI YA CHUMVI

Wako watu wasemao kwamba mashua za ziwani hazina shida, maana ziwa halina chumvi wala wadudu wa bahari. Maneno hayo yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba baharini wako wadudu laini mfano wa minyoo, ambao hutoboa mbao za chombo mpaka zikawa kama sega la nyuki. Ndiyo maana tangu zamani mabaharia wa Pwani hukipandisha chombo ufukoni, hukipasha moto tumbo lake, kisha hukipaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama. Ndani ya chombo hupaka sifa, mafuta yatokanayo na papa. Harufu yake ni kali mno, lakini mbao huishi miaka mingi.

Wadudu hao hawaishi katika maji baridi ya ziwa. Lakini chumvi, pamoja na uharibifu wake wote wa chuma, huizuia kuvu inayoozesha mbao. Maji ya ziwa na maji ya mvua hayana chumvi hiyo. Kwa hiyo mbao inayolowa maji ya mvua na kukosa hewa huoza upesi kuliko mbao inayolowa maji ya bahari. Kuvu hiyo ni kiumbe kilicho hai, nayo hutaka vitu vitatu: unyevu, hewa kidogo na joto la kadiri. Mbao kavu haiozi. Wala mbao iliyozama kabisa, isiyopata hewa, haiozi upesi. Inayooza ni ile iliyo kati ya hali hizo mbili, yaani yenye unyevu daima na isiyopata kukauka. Hapo ndipo zilipo mbao za sakafu ya mashua: chini kuna maji ya ngama, juu kuna rangi nzito inayozuia unyevu usitoke, na pembeni hakuna upepo.

Mtu akilielewa jambo hilo, ataelewa pia kwa nini kupaka rangi upande wa juu peke yake ni kujidanganya. Rangi ya juu haizuii maji yanayopanda kutoka chini. Huyafungia ndani ya mbao, nayo mbao huoza huku uso wake ukingʼaa.

FUNDI NA MWENYE MASHUA

Aghalabu mambo huwa hivi. Mwenye mashua humwendea fundi siku mbili kabla ya siku ya soko, akamwambia: "Fundi, sakafu yangu imechubuka, abiria wanalalamika. Nipakie rangi tu ipendeze. Jumamosi nina safari."

Fundi asiyejali hupokea fedha na kupaka. Lakini fundi mwenye busara hujibu kwa adabu: "Mzee wangu, kupaka ni kazi ya saa moja, na fedha yako ni nzuri. Lakini niruhusu kwanza niinue mbao mbili nitazame chini. Nikikuta pako salama, nitakueleza siku ngapi zatosha kukausha na kupaka. Nikikuta uozo, nitakuita uone kwa macho yako, nawe mwenyewe utasema kama wataka niufunike."

Maneno hayo si rahisi kuyasema mbele ya mtu aliyeshika fedha mkononi, hasa ikiwa nyumbani karo ya shule inadaiwa. Tena mwenye mashua naye si mtu mbaya. Kila siku ambayo mashua yake imelala ufukoni ni siku isiyo na nauli wala samaki. Yafaa basi pande zote mbili zitafute njia, na njia iko. Kwanza, kazi kubwa ifanywe wakati wa kiangazi, yaani kati ya Desemba na Februari, mbao zinapokauka vizuri na mto umepungua. Pili, sakafu itengenezwe vipande vipande vinavyoinuliwa kimoja kimoja, isiwe uwanja mmoja uliopigiliwa misumari. Sakafu ya namna hiyo yaweza kutengenezwa kipande hiki juma hili na kipande kile juma lijalo, huku ubao wa akiba ukishika nafasi ya kile kilichotolewa. Mashua haitapoteza safari nyingi, wala fundi hatalazimishwa kufunika ubovu.

KUINUA NA KUCHUNGUZA

Kazi yenyewe huanza kwa kutoa maji yote katika ngama, kuondoa tope na magamba ya samaki, na kuosha. Kisha kila ubao utiwe alama kabla ya kuinuliwa: namba yake na upande unaoelekea mbele ya mashua. Alama ichorwe kwa ncha ya patasi upande wa chini, maana chaki hufutika. Fundi asiyetia alama atajuta, kwa kuwa mashua haina pembe za mraba, na hakuna ubao unaofanana na mwenziwe.

Misumari iliyoshika kutu isivutwe kwa nguvu. Ubao mzee hupasuka. Ni afadhali kuchimba mbao kidogo kando ya kichwa cha msumari, au kuukata kwa chini kwa msumeno wa chuma.

Mbao zikiisha kutoka, fundi ashuke na kisu chembamba. Achome kila taruma, hasa pale linapokutana na mkuku na pale ubao wa sakafu ulipolalia. Mbao nzima hukikataa kisu. Mbao iliyooza hukipokea kama muhogo uliochemshwa, na mara nyingi haitoi hata sauti. Kisha agonge kwa nyundo ndogo: mbao nzima hulia kwa sauti kali, na mbao mbovu hujibu kwa sauti nzito kama gunia. Rangi ya mbao nayo yafaa kutazamwa. Weusi kuzunguka msumari wa chuma ni dalili kwamba kutu inaila mbao. Utando mweupe, au mbao inayokatika vipande vidogo vya mraba, ni kazi ya kuvu.

Liko jambo jingine dogo ambalo watu wengi hulisahau. Chini ya mataruma huwa yameachwa matundu madogo ili maji yapite toka chumba kimoja hata kingine, yafike mahali pa kufuliwa. Matundu hayo yakizibwa na tope, nyuzi za nyavu au magamba, kila chumba huwa dimbwi lake peke yake. Fundi ayazibue yote, amwage ndoo moja ya maji mbele ya mashua, kisha aangalie kama maji yanafika nyuma. Yasipofika, kazi haijaisha.

Ikiwa uozo umefika katika taruma au mkuku, hapo kazi ya sakafu husimama. Hiyo ni kazi ya fundi wa mashua hasa, wala si aibu kwa seremala kusema hivyo. Aibu ni kunyamaza.

KUKAUSHA NA KUREKEBISHA

Mbao zilizoinuliwa zisianikwe juani. Jua huukausha uso upesi, na moyo wa mbao hubaki na maji, kisha ubao hupinda au kupasuka. Zipangwe kivulini penye upepo, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Subira ni sehemu ya kazi hii. Fundi anayetaka kujua kama ubao umekauka aupime uzito katika mizani leo, kisha aupime tena baada ya siku chache. Ukiendelea kupungua uzito, bado una maji.

Wakati wa kungoja, fundi aamue ubao upi utarudi na upi utabadilishwa. Ubao uliolika upande wa juu, lakini mzima upande wa chini, mara nyingi waweza kugeuzwa, uso wa chini ukawa wa juu. Ubao uliooza mwisho wake waweza kukatwa na kuungwa kipande kipya, mradi kiungo kilalie juu ya taruma. Matundu ya misumari ya zamani yazibwe kwa vigingi vya mbao ile ile, nyuzi zake zikielekea upande mmoja na nyuzi za ubao.

Hapa yafaa kutaja miti. Mvule umejengewa mashua nyingi za Ziwa Viktoria, nao unastahimili maji na kuvu. Lakini una mambo mawili ya kuangaliwa. Ndani yake mara nyingine huwa na mawe madogo magumu yanayoharibu makali ya randa na msumeno. Na vumbi lake huwasha ngozi, pua na mapafu, kwa hiyo fundi ajifunge kitambaa au kifuniko cha pua. Katika misitu ya Mlima Elgon umo mti mwingine ambao wafanya biashara wameuita kwa muda mrefu msaji wa Elgon. Kwa kweli si msaji, bali ni wa ukoo wa mzeituni. Ni mti mgumu na mzito, na sakafu nyingi za majumba zilitengenezwa kwa mbao zake. Hustahimili kukanyagwa, lakini ukipigwa msumari bila kutobolewa kwanza, hupasuka. Podo ni laini, tena ni rahisi kufanyia kazi, lakini haistahimili unyevu, na mahali pake si chini ya mashua. Mkaratusi, unaopatikana kila mahali, hupinda na kupasuka unapokauka, na anayeutumia lazima aukaushe kwa uangalifu mkubwa.

Tena mbao si kitu cha kutupwa ovyo siku hizi. Mnamo Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, kwa kuwa misitu ilikuwa ikiharibiwa na mito ikipungua. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba marufuku hiyo ingeondolewa, lakini miaka ile ilitoa somo: ubao mgumu wa zamani, uliokauka kwa miaka mingi, ni mali. Fundi akiweza kuuokoa, amemwokolea mwenye mashua fedha na amemwokolea mlima mti mmoja.

KUSUGUA KWA KIASI

Mbao zikiwa kavu na nzima, rangi ya zamani iondolewe kwa kikwangulio cha chuma kilichonolewa vizuri. Vichwa vya misumari na skrubu vizamishwe kwanza, visije vikachana msasa. Kisha msasa utumike, kuanzia ule wa mchanga mkubwa, kama namba 80, kisha 120, na mwisho 180. Siku zote msasa ufuate nyuzi za mbao. Ukizikata nyuzi, mikwaruzo itaonekana chini ya vanishi mpaka mwisho wa dunia. Neno lenyewe msasa ni jina la mti ambao majani yake yana ukali, na wazee waliyatumia kulainisha vinyago na vitu vya mbao kabla ya karatasi ya dukani kufika.

Ikiwa rangi ya zamani ni ya miaka mingi, huenda ina madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi ya namna hiyo isisuguliwe kavu. Iloweshwe maji wakati wa kusugua, na takataka zake zikusanywe, zisimwagwe ziwani.

Lakini fundi asisugue kupita kiasi. Katika zama za merikebu za matanga, mabaharia wa Uingereza walikuwa wakisugua sitaha kwa mawe laini ya mchanga, wakiwa wamepiga magoti, asubuhi hata asubuhi. Sitaha ilikuwa nyeupe kama kitambaa, lakini mbao ziliendelea kupungua unene. Kila msasa unaopita huondoa sehemu ya ubao isiyorudi tena. Na katika mashua za kisasa zenye sakafu ya plaiwudi, mbao nzuri ya juu ni utando mwembamba tu. Mtu akiusugua bila hesabu, ataikuta gundi chini yake, na hapo hakuna dawa.

KUPAKA PANDE ZOTE

Sasa ndipo brashi inaposhikwa. Ubao una pande sita: juu, chini, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na ncha mbili. Zote zipakwe. Ncha ndizo zenye kiu kubwa, maana mbao hunywa maji kwa ncha zake kama mtu anyweavyo kwa mrija. Zipakwe mara mbili zaidi ya uso.

Ikiwa vanishi ndiyo itakayotumika, mpako wa kwanza uwe mwepesi, nusu vanishi na nusu tapentaini, ili uingie ndani ya mbao. Ukikauka, usuguliwe kidogo kwa msasa laini, vumbi lifutwe, kisha mpako wa pili uwe mzito zaidi, na wa tatu na wa nne vanishi kamili. Mipako mingi myembamba ni bora kuliko mmoja mnene, ambao hukauka juu na kubaki mbichi ndani. Msaji wa kweli una mafuta ya asili, na mbao zake yafaa zifutwe kwa spiriti kabla ya kupakwa, vanishi isije ikabanduka.

Lakini vanishi inayongʼaa ni hatari mahali pa kukanyagwa penye maji. Mama mwenye mtoto mgongoni, akishuka katika mashua inayoyumba, hahitaji kioo chini ya mguu wake. Kwa hiyo katika njia ya watu, mpako wa mwisho kasoro mmoja ukiwa bado mbichi, nyunyiza mchanga mkavu, safi na laini, uliochekechwa. Ukikauka, fagia mchanga usioshika, kisha paka mpako wa mwisho juu yake. Sakafu hiyo haitapata sifa ya kungʼaa, lakini itashika mguu.

Wengine hupenda mafuta ya kitani badala ya vanishi, maana ni rahisi kuyarudia. Hayo yana hatari ambayo hapana budi kila mtu aijue. Matambaa yaliyolowa mafuta ya kitani, yakirundikwa pamoja, hupata joto yenyewe na huweza kuwaka moto bila kiberiti. Karakana nyingi duniani zimeteketea kwa njia hiyo. Matambaa yaanikwe moja moja nje mpaka yakauke na kukakamaa, au yatiwe katika ndoo ya maji. Vile vile mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, na hushuka kukaa chini katika ngama. Hata mvuke wa tapentaini hufanya hivyo. Mashua yenye mashini ipepewe vizuri, na pasiwe na sigara wala taa ya moto karibu.

KURUDISHA NA KUTUNZA

Mbao zikirudishwa, ziachwe nafasi ndogo kati yake, kwa sababu mbao huvimba zinapopata unyevu. Zikibanwa sana, zitasukumana na kuinuka katikati. Zifungwe kwa skrubu za shaba au zilizopakwa zinki, wala si misumari ya chuma kitupu. Na kipande kimoja angalau, kile kilicho juu ya mahali pa kufulia maji, kiachwe huru kabisa ili kiinuliwe kwa mkono mmoja, hata usiku, hata katika dhoruba.

Kisha mwenye mashua ana kazi yake, ndogo lakini ya kila siku. Afagie mchanga kabla ya safari, maana chembe za mchanga zilizolegea chini ya viatu ni msasa mwingine. Jioni aoshe na kufuta, na mashua ikitia nanga penye jua lisilo kali, ainue kipande kimoja au viwili ili ngama ipate hewa. Mara moja kwa mwezi adondoshe tone la maji juu ya sakafu. Likisimama kama lulu, ulinzi ungalipo. Likitandaa na kuzama, wakati wa mpako mmoja mwepesi umefika. Kazi ya mpako huo ni ya asubuhi moja. Kazi ya kubadilisha sakafu ni ya majuma.

Wako watakaouliza kama taabu yote hii ina faida. Yafaa wakumbuke meli ya Ziwa Tanganyika, iitwayo Liemba. Ilijengwa na Wajerumani, ikaunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene kila mahali. Meli ilikaa chini ya maji miaka kadhaa, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri kwa mitambo yake ile ile. Chuma si mbao, lakini kanuni ni moja: kinga iliyopakwa kabla ya maji kuingia, tena ikapakwa mpaka mahali pasipoonekana, ndiyo iliyookoa.

Basi seremala wa Misikhu akiitwa Port Victoria au Kisumu kutengeneza sakafu ya mashua, asiogope kwa kuwa alizaliwa mbali na maji. Achukue randa yake, patasi, msasa na brashi. Lakini kwanza kabisa achukue kisu kile chembamba, ainue ubao, apige magoti, atazame. Abiria watakaokanyaga sakafu hiyo hawatajua alichokiona huko chini wala alichokitengeneza. Watajua tu kwamba walipanda mashua asubuhi, na jioni wakashuka salama upande wa pili.